Maksai Aliyefunga Poya

KALUWA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu? Mlinzi hayupo, kaenda hekaluni. Piga kesho.

SUDA: Kaka—

KALUWA: Nimesema machinjio yamefungwa. Leo Poya, siku takatifu ya mwezi mpevu, hachinjwi hata kuku. Huelewi nini?

SUDA: Kaka Kaluwa, ni mimi.

KALUWA: Mimi nani? Mtandao unakwaruza huu.

SUDA: Suda. Mwenzio wa nira.

[Mtandao unalia kama panzi.]

KALUWA: We Suda! We mweupe usiye na haya! Tangu lini ng'ombe akapiga simu?

SUDA: Tangu lini ng'ombe akapokea?

KALUWA: Kapokea kunguru. Mlinzi kaisahau simu yake kwenye kigoda, kunguru kaidonoa ikaitika. Hapa nilipo nimelaza sikio juu ya uzio, shingo inaniuma. Haya, hujambo?

SUDA: Sijambo. Shikamoo, kaka.

KALUWA: Marahaba, mdogo wangu. Na wewe simu umeitoa wapi?

SUDA: Ya Piyatilaka, yule bwana aliyeninunua hapo zizini nisichinjwe. Tumbili wa hekalu kamchomolea mfukoni alipopiga magoti kusali.

TUMBILI: Nimeiazima! Jamani, tuheshimiane. Leo Poya, siibi. Namba ya mlinzi ilikuwemo humo humo, kaiandika "Machinjio, mambo ya thawabu".

KALUWA: Nani huyo?

SUDA: Ndiye huyo tumbili. Ananishikia simu sikioni.

TUMBILI: Kwa ndizi tatu. Na moja hujalipa.

KALUWA: Tumbili, ahsante. Sasa nyamaza. Suda, niambie, huko kwa waliookolewa kukoje?

SUDA: Kuzuri. Kuna kivuli. Kuna mti mtakatifu wa Bodhi, watu wanaumwagia maji asubuhi na jioni. Nimevikwa shada la yungiyungi.

KALUWA: Umelila?

SUDA: Sijalila.

KALUWA: Shada la yungiyungi limo shingoni mwako na hujalila? Wewe uliyekula kofia ya mzee wetu wa shamba, Mudalihami, ikiwa bado kichwani kwake?

SUDA: Sili, kaka.

KALUWA: Huli nini?

SUDA: Chochote. Tangu wanitenge nawe.

KALUWA: Rudia.

SUDA: Nilidhani wataniuliza. Mtu akiona ng'ombe wake hali, si atauliza ana nini? Nikasema moyoni, wakiuliza watakumbuka tulikuwa wawili. Watarudi kukuchukua. Ndiyo akili yangu ilikofika.

KALUWA: Wakauliza?

SUDA: Wamesema nimefunga Poya.

KALUWA: Ati?

SUDA: Wanasema nashika masharti manane. Si unawajua wale wanaovaa nyeupe leo, ikipita saa sita mchana hawatii kitu kinywani mpaka kesho? Basi leo mchana wameniletea majani, nikageuza uso. Mama mmoja akapiga ukelele wa sifa, "Sadhu! Sadhu! Maksai anashika masharti!" Kaka, kijiji kizima kiko hapa.

KALUWA: [anacheka mpaka anakohoa] Wewe! Masharti!

SUDA: Usicheke.

KALUWA: Ngoja, ngoja. Na asubuhi je? Asubuhi masharti yanaruhusu kula. Hukula asubuhi hawakushangaa?

SUDA: Wamesema asubuhi nilikuwa najiongezea. Sasa wanasema maisha yaliyopita nilikuwa mtawa, nikateleza mahali, ndiyo maana nikazaliwa na mkia.

KALUWA: Uliteleza wapi?

SUDA: Ndiyo wanabishania. Wengine wanasema nilikuwa nasinzia kwenye mahubiri.

KALUWA: Hapo hata mimi naamini.

SUDA: Kuna foleni, kaka. Wananifungia turubai. Wamechangishana wakaleta spika ili mtawa anihubirie karibu na sikio. Na kuna kijana amekaa nyuma yangu anahesabu nzi wanaotua mgongoni. Kila nzi ni namba ya bahati nasibu.

KALUWA: Mfukuze kwa mkia.

SUDA: Nikimpiga anaandika namba nyingine.

KALUWA: Ee maisha! Binadamu hawa! Na hapa unajua mwenye machinjio yuko wapi? Yuko barabarani na jungu. Wali na dengu, bure, kila apitaye ashibe. Kavaa nyeupe tupu. Asubuhi kaja kunichungulia, kanipapasa uso, akaniambia, "Masikini, kiumbe cha watu." Machozi yanamlenga kabisa!

SUDA: Akaona huruma? Basi labda—

KALUWA: Kisha akamwambia mlinzi anipe maji mengi nisikonde mpaka kesho.

[Mtandao unakatika na kurudi.]

SUDA: Haloo? Kaka?

KALUWA: Nipo, nipo. Sijaenda popote. Nakusikia ukipumua pua nzito. Unalia?

SUDA: Silii.

KALUWA: Suda, leo Poya. Leo hatudanganyani.

SUDA: Nalia. Nimekukumbuka, kaka. Nakukumbuka mpaka tumbo linauma. Usiku sijui nilale vipi. Nikilala naegemea nyuma, nyuma hakuna mtu, naanguka ubavu.

KALUWA: Egemea ukuta.

SUDA: Ukuta hauna joto.

KALUWA: Hata mimi sikuwa na joto. Nilikuwa na harufu tu.

SUDA: Usinifanyie mzaha.

KALUWA: Sasa nifanye nini, mdogo wangu? Nikiacha mzaha nabaki na nini? Tumelima wote majaruba ya yule mzee toka hatujaota pembe vizuri. Tukila tope wote, tukipigwa wote. Ikaja trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono, mzee akatupandisha lori tukiwa tumefungwa kamba moja. Nilifikiri angalau kamba moja itatufikisha. Haya, haikutufikisha.

SUDA: Bibi ameuliza habari zako.

KALUWA: Bibi gani?

SUDA: Bibi Seelawati. Mama yake Piyatilaka. Yule mgonjwa ambaye kwa ajili yake nilinunuliwa. Mnajimu alimwambia mwanawe, okoa uhai mmoja ili uhai wa mama yako urefuke. Basi leo kaletwa kunitazama, kashikiliwa huku na huku, miguu imevimba. Wenzake wote wananigusa paji la uso. Yeye kanigusa shingo. Kapapasa pale penye sugu ya nira. Halafu kazunguka, katazama nilivyosimama. Akaniuliza, "Mwenzio yuko wapi?"

KALUWA: Kajuaje?

SUDA: Kasema nimesimama nimebana upande wa kulia, kushoto nimeacha nafasi. Uwanja mzima wa hekalu, kaka, mimi nimejibana na ukuta.

KALUWA: Bado unaniachia nafasi?

SUDA: Sijui kusimama vingine.

KALUWA: [polepole] We Suda wewe.

SUDA: Bibi kamwambia mwanawe, "Hawa walikuwa wawili. Umeleta nusu." Piyatilaka akasema, "Mama, mnajimu kasema mmoja." Bibi akasema, "Mnajimu hajawahi kulima." Wakabishana pale mbele ya watu. Mwishowe Piyatilaka akasema kuna Poya nyingine mwezi ujao, ataokoa mwingine kwa ajili ya mtihani wa binti yake.

KALUWA: Mwezi ujao!

SUDA: Ndiyo.

KALUWA: Huyo binti afanye mtihani wa mapema basi.

SUDA: Bibi alikataa. Kasema anakutaka wewe. Si wa mwezi ujao, wewe. Akakaa chini kwenye mchanga, akasema hanyanyuki. Ndipo mwanawe akasema, "Basi mama, kesho. Leo Poya ofisi imefungwa, hakuna wa kumlipa. Kesho nikitoka kazini nitapita." Unasikia, kaka? Kesho! Ndiyo maana nimepiga. Kesho wanakuja!

[Kunguru analia mbali.]

SUDA: Haloo? Umesikia?

KALUWA: Nimesikia. Akitoka kazini.

SUDA: Ndiyo. Anatoka saa kumi na moja, nadhani. Hapo kazi inaanza saa ngapi?

KALUWA: Hapa? Ah. Hapa hawana haraka.

SUDA: Kaka. Leo Poya.

KALUWA: Najua leo nini.

SUDA: Hapo kazi inaanza saa ngapi?

KALUWA: Inaanza mapema kidogo.

TUMBILI: Oyaa, salio linapungua. Na mwenye simu kaanza kujipapasa mifuko.

SUDA: Mwache ajipapase! Kaka, ngoja. Kuna jambo nataka kukuuliza toka siku ile. Walipokuja kuchagua. Nilikuwa nimekasirika na wewe, ndiyo maana niliondoka sijakuaga.

KALUWA: Ulikasirikia nini?

SUDA: Ulinipiga pembe.

KALUWA: Mimi?

SUDA: Ulinipiga pembe matakoni, ile pembe yako moja nzima. Nikaruka mbele, nikatokea pale langoni mbele ya Piyatilaka na watu wake. Wakasema, "Huyu, huyu mweupe, atapendeza kwenye picha." Nikageuka kukutafuta. Ulikuwa umekwenda kulala kwenye tope nyuma kabisa, umewapa mgongo.

KALUWA: Kulikuwa na joto.

SUDA: Kulikuwa kunanyesha. Ulifanya makusudi.

KALUWA: Nzi aliniuma, nikatupa kichwa.

SUDA: Kaka!

KALUWA: Sasa unataka niseme nini? Wana pesa za mmoja. Wamekuja na kamera. Mimi mweusi, pembe nusu, jicho hili linatoa tongo. Hata ningejipaka unga. Nikasema basi, asiye na tongo aende. Hesabu ndogo, hata wewe ungeifanya.

SUDA: Nisingeifanya. Mimi ningetaka twende wote au tubaki wote.

KALUWA: Ndiyo maana nilikupiga pembe.

[Suda anavuta pumzi. Spika ya hekalu inakoroma nyuma yake, sauti ya mtawa inaanza kuhubiri.]

KALUWA: Nani huyo?

SUDA: Mtawa. Anahubiri kuachilia. Anasema uchungu wote unatoka kwenye kushika.

KALUWA: Sogeza simu nimsikie. Unakumbuka tulivyokuwa tunamsikia yule wa zamani, spika ikiwa juu ya mnazi, sisi tumo ndani ya tope? Kila Poya kuachilia, kuachilia. Nikawa najiuliza, mimi niachilie nini? Sina kitu ila nira, na hiyo nimefungwa. Nikaona hayanihusu.

SUDA: Na sasa?

KALUWA: Sasa nimejua yalikuwa yananihusu. Nilikuwa na kitu, sikukihesabu kwa kuwa kilikuwa kinapumua hapa kulia kwangu kila siku, tena kinanuka.

SUDA: Kaka, usiseme hivyo.

KALUWA: Nimesema. Haya, tuyaache. Wewe unaonaje, nitazaliwa nini safari ijayo?

SUDA: Mtu, labda. Umekuwa mwema.

KALUWA: Mtu? Mimi nimemkosea nani? Usinitakie mabaya!

SUDA: Basi nini?

KALUWA: Kwekwe. Kwekwe kwenye jaruba la Mudalihami. Aning'oe asubuhi, jioni nimeota. Bila chuki, namsumbua kidogo tu.

SUDA: [anacheka huku analia] Na mimi niwe nini?

KALUWA: Wewe uwe kwekwe la pembeni. Lakini kwanza unenepe. Sikia, Suda. Nataka ule.

SUDA: Sili mpaka uje.

KALUWA: Ukifa njaa hapo nitakuwa nimetupa pembe yangu bure.

SUDA: Nikila leo watu wote wataondoka. Wakiondoka, nani atanikumbuka, nani atakukumbuka? Hii njaa ndiyo kitu pekee nilichonacho cha kuwaambia.

KALUWA: Umewaambia, wameelewa masharti. Ukiendelea watakujengea sanamu. Sanamu ya ng'ombe mweupe, na ndani yake kuna mfupa wako, na watu wanahesabu nzi. Ndicho unachotaka?

SUDA: Nakutaka wewe.

[Ngurumo ya injini upande wa Kaluwa. Breki zinalia. Mlango wa chuma unagongwa.]

SUDA: Kaka? Nini hicho kimelia? Ni gari? Si umesema leo hakuna kazi? Ni lori?

KALUWA: Hapana. Ngoja nichungulie.

SUDA: Wanapakia? Wanawapeleka machinjio ya mjini usiku ili alfajiri— kaka, niambie! Ni lori?

KALUWA: Si lori. Suda, tulia. Tulia nikwambie. We! Siamini macho yangu.

SUDA: Nini?

KALUWA: Watu. Watu wamevaa nyeupe.

SUDA: Nyeupe?

KALUWA: Wanashuka kwenye gari. Kuna bibi mmoja, miguu imevimba, wamemshikilia huku na huku. Ana maua. Bibi wako huyo, eti?

[Mtandao unakwaruza.]

SUDA: Seelawati?

KALUWA: Huyo huyo! Kaamua kuja leo leo. Bibi mbishi huyo! Mlinzi karudi, bibi anasema naye. Ananyoosha kidole. Ananinyooshea mimi, Suda, mimi mwenye tongo!

SUDA: Kweli, kaka? Leo Poya.

KALUWA: Kweli. Leo Poya, ningekudanganyaje?

SUDA: Wamekuja na gari gani?

KALUWA: Gari... jeupe.

[Suda anageuza kichwa, anatazama langoni.]

SUDA: Ndilo. Ndilo gari lao. Lilikuwa hapa langoni, sasa hivi silioni.

KALUWA: Unaona? Limeshafika huku.

SUDA: Naona.

KALUWA: Basi nakuja. Ni njia tu. Sasa hakuna tena sababu ya kufunga. Kula.

SUDA: Nitakula ukifika.

KALUWA: Nikifika nikukute umekonda watu watasema nimeletewa maiti. Kula sasa hivi. Nataka nisikie.

SUDA: Usikie nini?

KALUWA: Nisikie ukitafuna. Kama zamani, usiku, ukinikera. Fanya haraka, wananifungua kamba.

[Majani yanachakuliwa. Suda anatafuna. Sauti za watu: "Anakula! Jamani, kala! Saa hizi? Kavunja masharti! Basi alikuwa ng'ombe tu." Mtu anazima spika.]

KALUWA: Ni matamu?

SUDA: [mdomo umejaa] Matamu.

KALUWA: Majani gani?

SUDA: Yale ya kandokando ya mfereji. Yale uliyokuwa unanizidi mbio kuyafikia.

KALUWA: Sikukuzidi mbio. Wewe ulikuwa unazubaa. Endelea.

[Suda anatafuna. Minyororo inagonga ubao upande wa Kaluwa. Mtu anapiga mluzi wa kuswaga.]

SUDA: Kaka, nisogee ukutani ukifika, au nikae hivi hivi?

KALUWA: Kaa hivi hivi. Hapana. Sikiliza. Kaa katikati. Jinyooshe. Uwanja wote huo wa hekalu, wewe kaa katikati.

SUDA: Na wewe?

KALUWA: Mimi nitapata pa kukaa, usijali. Ubao huu unateleza, ngoja nipande vizuri... gari lao liko juu kidogo. Unatafuna?

SUDA: Natafuna.

KALUWA: Umalize fungu zima.

SUDA: Nitamaliza.

KALUWA: Niahidi.

SUDA: Nakuahidi. Kaka Kaluwa, salimia... wasalimie hao wa nyeupe.

KALUWA: Nitawasalimia. Haya, mdogo wangu. Haya. Wewe tafuna tu mimi nasikil—

[Simu inakatika.]

TUMBILI: Salio limekwisha. Na watu nao wamekwisha, tazama, wamefungua turubai. Hata yule wa nzi kaenda. Wewe, lakini mbona sielewi?

SUDA: Huelewi nini?

TUMBILI: Gari la Piyatilaka si hilo hapo langoni? Na bibi yumo ndani kalala, mdomo wazi?

SUDA: Naliona.

TUMBILI: Ulikuwa unaliona muda wote?

SUDA: Muda wote.

TUMBILI: Sasa mbona ulimwambia—

SUDA: Nimemwahidi nimalize fungu zima. Nisogezee hayo mengine.